Kishale Kimoja

Saa tatu na robo asubuhi, Tabora,
ofisi ya ushirika wa asali, Kanyenye.
Feni inatikisa kichwa kama mtu anayekataa deni.
Sijagusa kipanya,
na kishale kinaamka kilipolala,
kinapanda,
kinasita juu ya jedwali la Aprili.

Umefika kazini, Bukuru.

Uko Kigoma, Mwanga, chumba cha uani kwa dada yako,
ulikohamia kumuuguza mama.
Bodi ikaona hakuna mwingine anayejua vitabu vyetu
tangu enzi ya mizani ya chuma,
basi tukapewa meza moja,
si ya mninga, ya kioo:
wewe ng'ambo ile ya Malagarasi, mimi ng'ambo hii,
mafaili yale yale, takataka zile zile pipani,
picha ile ile ya mzinga uliyoiweka mwaka juzi
nami sijathubutu kuibadili.

Siku za kwanza tuligombana bila kusemezana.
Nikivuta kushoto, unavuta kulia,
kishale kinatetemeka katikati
kama mbuzi mwenye kamba mbili.
Siku moja nikaandika "madumu",
papo hapo nawe ukaandika "lita",
herufi zikakanyagana mlangoni
likazaliwa neno: "mlaidtuamu".
Nikacheka peke yangu.
Nyanzala, mrina asali wa Sikonge, akanitazama kutoka kwenye benchi,
madumu yake mawili miguuni.
Sikujua kwamba nawe unacheka
mpaka ulipoandika chini yake, polepole:
"Usilifute. Hilo letu."

Adabu ikaja baadaye.
Nikikupisha, nakupisha kweli,
nanyanyua mikono yote miwili kama aliyekamatwa,
ingawa hunioni.
Nawe ukinipisha
unakipeleka kishale kona ya chini, karibu na saa,
unakiacha pale
kama kandambili nje ya mlango.

Masanilo, mlinzi, hakuzoea.
Usiku wa manane aliona dirishani mwanga,
kurasa zinajifungua, tarakimu zinajipanga.
Akanipigia: "Dada Kalunde, humu kuna mtu anafanya kazi
na kiti ni kitupu."
Nikamwambia, huyo ni Bukuru, yuko Kigoma.
Kimya.
"Kigoma," akasema. "Basi nimeelewa."
Kesho yake alikuja lindo na chumvi mfukoni.

Lakini leo, Bukuru, leo ulinisahau.
Tulikuwa kwenye makato ya Nyanzala,
kilo nne zilizopotea kwenye chujio,
mara ukafungua ukurasa mweupe juu ya hesabu zetu
ukaandika kama mtu aliye peke yake:
dawa, elfu sitini na mbili
kitanda, siku kumi na moja
bajaji, kwenda na kurudi
maziwa
sanda

Ukasimama hapo.
Hukuweka bei.
Kisha herufi zikaanza kurudi nyuma moja moja,
a, d, n, a, s,
ukabaki mstari mtupu
na kile kijiti cheusi kinawaka, kinazima.

Mikono yangu ilikuwa juu, hewani.
Nilikuwa mtu aliyeingia chumba cha mwenzake bila hodi
akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe.
Kukohoa, usingesikia.
Kuondoka, ningeenda wapi?
Meza ni moja.

"Mbona hesabu imesimama?" Nyanzala akauliza.
"Haijasimama, mama. Tunapishana."

Feni ikakataa, ikakataa.
Nikashusha mkono mmoja,
na pale palipokuwa na neno ulilolifuta
nikaandika, herufi kwa herufi, nisikosee:
mlaidtuamu.

Muda mrefu hakuna kilichotikisika.
Halafu kishale kikaja,
kikalizunguka mara moja, taratibu,
kikafunga ukurasa bila kuuhifadhi
na kurudi Aprili,
kwenye zile kilo nne za Nyanzala,
ukazifuta.
Sikubisha.